Kulwa Atarudi na Miaka Mingapi? Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Muda wa Safari Inayokaribia Kasi ya Mwanga

Swali hili nimelisahihisha mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Pacha wawili, mmoja anapanda chombo chenye kasi ya kutisha, anakwenda kwenye nyota, anarudi. Nani ana miaka mingapi? Majibu huja ya kila namna. Kuna anayemrudisha msafiri akiwa mzee kuliko aliyebaki, kuna anayepunguza muda mara mbili, na hakosekani mmoja anayemrudisha kabla hajaondoka.

Cha ajabu, hesabu yenyewe haizidi ya kidato cha pili: kuzidisha, kugawanya, na kipeuo cha pili kimoja. Kinachowaangusha watu ni kuandika "miaka 5.3" bila kusema ni miaka ya saa ya nani. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo.

## Vinavyohitajika

- Karatasi moja na kalamu mbili za rangi tofauti, tuseme bluu na nyekundu. Usizidharau kalamu hizi, ndizo zitakazokuokoa.
- Simu yenye kikokotoo. Usipoiona alama ya √, laza simu. Kwenye simu nyingi vitufe vya ziada hujitokeza.
- Umbali wa nyota kwa miaka ya nuru. Tutatumia Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua: miaka ya nuru 4.24.
- Kasi ya chombo kama sehemu ya kasi ya mwanga. Mwanga hukimbia kilomita 299,792 na ushee kwa sekunde. Chombo chetu kitakwenda kwa 0.8 ya hiyo.
- Pacha wawili. Kwetu wameshapewa majina tangu zamani: Kulwa aliyetangulia kuzaliwa, na Doto aliyemfuata. Kulwa anasafiri, Doto anabaki. Wote wana miaka 20 siku ya kuagana.

Kwa sasa tuchukulie chombo kinaondoka kikiwa tayari kwenye kasi yake, na kinageuka papo hapo. Tutalirudia jambo hilo mwishoni, maana si dogo.

## Hatua ya 1: Gawa karatasi kwa saa mbili

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kwa bluu "Saa ya Doto, nyumbani". Kulia andika kwa nyekundu "Saa ya Kulwa, chomboni". Kuanzia hapa hakuna namba ya miaka itakayoandikwa nje ya safu hizo.

Sababu. Hakuna saa moja kuu inayougongea ulimwengu mzima. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, sasa kati ya hizo saa mbili ipi ndiyo sahihi?" Nikamuuliza, "Ukitoka Dodoma kwenda Dar kwa kupitia Morogoro, na mwenzako akazungukia Iringa, dashibodi za magari yenu zitasoma kilomita sawa?" Akasema hapana. "Basi ya nani mbovu?" Akacheka. Saa ni kama ile dashibodi: inasoma njia iliyopita yenyewe, haisomi ya jirani. Tofauti ni kwamba kwenye kilomita anayezunguka hutumia nyingi, na kwenye muda anayezunguka hutumia kidogo.

Onyo. Ukijikuta unaandika "muda halisi", futa. Zote mbili ni halisi.

## Hatua ya 2: Tafuta muda wa Doto kwanza

Gawanya umbali kwa kasi:

4.24 ÷ 0.8 = miaka 5.3

Iandike kwa bluu. Huo ni muda wa kwenda tu, kwa saa ya Doto. Kwenda na kurudi ni 10.6.

Sababu ya kuanza na Doto. Umbali wa 4.24 umepimwa na watu walioko hapa duniani. Umbali wa Doto lazima ugawanywe kwa kasi ili kupata muda wa Doto. Ukichukua umbali wa mmoja ukautafutia muda wa mwingine, umeshaharibu mapema.

Onyo. Mwaka wa nuru ni umbali, si muda. Ni mwendo ambao mwanga hukata kwa mwaka mmoja. Kwa kuwa kasi yetu nayo imeandikwa kama sehemu ya kasi ya mwanga, huhitaji kubadili chochote kuwa kilomita. Wanaokimbilia kilomita huishia na sifuri kumi na tatu kwenye kioo cha simu, na moja lazima idondoke.

Utajuaje umepatia? Muda wa Doto wa kwenda lazima uzidi 4.24. Ukipata 3.39, umezidisha badala ya kugawanya, na chombo chako kimeupita mwanga.

## Hatua ya 3: Tafuta kipunguzo

Hapa bonyeza polepole, hatua kwa hatua:

1. 0.8 × 0.8 = 0.64
2. 1 − 0.64 = 0.36
3. √0.36 = 0.6

Hiyo 0.6 naiita kipunguzo. Vitabu vingi hutumia ndugu yake aitwaye gama, ambaye ni 1 ÷ 0.6, yaani 1.67. Kwa anayeanza simshauri gama hata kidogo. Ni kubwa kuliko 1, kwa hiyo mtu hajui azidishe au agawanye, naye hubahatisha. Kipunguzo kinapunguza, basi.

Makosa matatu ninayoyaona kila mara. Kuweka 80 badala ya 0.8. Kusahau kipeuo, mtu akaishia 0.36. Na lile baya zaidi: kutoa kwanza ndipo kuzidisha, yaani 1 − 0.8 = 0.2, kisha 0.2 × 0.2 = 0.04.

Utajuaje umepatia? Kipunguzo hukaa kati ya 0 na 1, na hakiendi sambamba na kasi. Kwenye 0.1 ya kasi ya mwanga ni 0.995, huoni kitu. Kwenye 0.5 ni 0.866, ingawa wengi hutegemea nusu ya kasi ilete nusu ya muda. Kwenye 0.9 ni 0.436, kwenye 0.99 ni 0.141, kwenye 0.999 ni 0.045. Karibu mambo yote ya ajabu yamebanana kule mwishoni.

## Hatua ya 4: Hamia safu ya Kulwa

Chukua kalamu nyekundu. Zidisha muda wa Doto kwa kipunguzo:

5.3 × 0.6 = miaka 3.18 ya kwenda
10.6 × 0.6 = miaka 6.36 ya safari nzima

Doto atakuwa na miaka 30.6. Kulwa atashuka chomboni akiwa na miaka 26.36. Pacha mdogo amemzidi kaka yake miaka minne na ushee, ingawa nyumbani Kulwa ataendelea kuwa Kulwa na shikamoo hazitageuzwa.

Onyo. Kulwa hakuhisi kupungua kokote. Moyo wake ulipiga kama kawaida, ndevu ziliota kwa mwendo uleule, mchele wa miaka 6.36 ulikwisha kwa miaka 6.36. Ukipakia chakula cha miaka 10.6 umebeba mzigo wa bure. Ukipanga mshahara wake wa kupokelewa nyumbani, hapo panga miaka 10.6.

## Hatua ya 5: Hakiki kwa umbali uliosinyaa

Mtu makini atakuwa ameshtuka: Kulwa amefika mahali palipo miaka ya nuru 4.24 kwa miaka 3.18. Si ameupita mwanga?

Hapana, umechanganya rangi. Ile 4.24 ni ya bluu na 3.18 ni nyekundu. Kwa Kulwa, njia nzima imesinyaa kwa kipunguzo kilekile:

4.24 × 0.6 = miaka ya nuru 2.544
2.544 ÷ 0.8 = miaka 3.18

Jibu ni lilelile, kwa njia nyingine. Ndivyo inavyotakiwa.

Onyo kubwa kuliko yote. Ni njia mbili za kupata jibu moja, usizitumie kwa pamoja. Wengi husinyaza umbali, wanapata 3.18, halafu wanazidisha tena kwa 0.6 na kupata 1.91. Kulwa anapunguziwa mara mbili. Namba ikishakuwa nyekundu, kipunguzo hakiigusi tena.

Haya hayajabaki karatasini. Juu angani, kama kilomita 10 hadi 15, miale inayotoka anga za mbali hugonga hewa na kuzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni huishi wastani wa mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, muda huo unatosha mita 660 hivi, kisha kwisha. Lakini muoni zinafika ardhini kila dakika, zinapita hata kwenye mwili wako unaposoma hapa. Kwetu sisi, saa yao imekwenda polepole. Kwao wao, hewa yote hii imesinyaa ikawa nyembamba. Mwaka 1977 watafiti wa CERN, maabara ya kuchunguza chembe iliyo karibu na Geneva, walitangaza matokeo ya muoni walizozizungusha kwenye pete: ziliishi takriban mara 29 ya zile zilizotulia, kama hesabu ilivyosema.

## Hatua ya 6: Hakiki kwa salamu za kila mwezi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayomaliza ubishi wa "mbona Kulwa naye anaweza kusema Doto ndiye aliyekimbia?"

Wamekubaliana kila mmoja atume salamu moja ya redio kila mwezi, kwa mwezi wa saa yake mwenyewe. Redio hukimbia kwa kasi ya mwanga. Wakiwa wanaachana, salamu humfukuza mtu kwa nyuma na kuchelewa. Wakiwa wanakaribiana, zinakutana naye njiani na kurundikana. Kiasi chake kinapatikana hivi:

1. 1 + 0.8 = 1.8
2. 1 − 0.8 = 0.2
3. 1.8 ÷ 0.2 = 9
4. √9 = 3

Wakiachana, salamu moja hufika kila miezi 3. Wakikaribiana, hufika 3 kila mwezi.

Anachopokea Kulwa. Kwenda ni miaka 3.18, yaani miezi 38.16 ya kwake. Anapata 38.16 ÷ 3 = 12.72. Anageuza chombo, na papo hapo simu inaanza kulia bila kupumzika: 38.16 × 3 = 114.48. Jumla 127.2. Gawanya kwa 12: Doto ametuma salamu za miaka 10.6. (Najua hakuna salamu 0.72. Ziache desimali, usizikate katikati ya hesabu.)

Anachopokea Doto. Kulwa anageuka mwaka wa 5.3, lakini habari ya kugeuka inahitaji miaka 4.24 kufika nyumbani. Doto anaipata mwaka wa 9.54. Kwa miaka yote hiyo, miezi 114.48, amekuwa akipata salamu moja kila miezi mitatu: 38.16. Imebaki miaka 1.06, miezi 12.72, na sasa zinamiminika tatu kila mwezi: 38.16 nyingine. Jumla 76.32. Gawanya kwa 12: miaka 6.36.

Tazama walipotofautiana. Kulwa alipata nusu ya safari yake ya ukimya na nusu ya kelele, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuka na mabadiliko yalimkuta palepale. Doto alikaa miaka tisa na nusu kwenye ukimya, halafu mwaka mmoja wa fujo. Hawako sawa, na ndiyo maana umri wao hauwezi kuwa sawa. Kila mmoja alipokea hesabu kamili ya maisha ya mwenzake, hakuna salamu iliyopotea.

Utajuaje umepatia? Salamu alizopokea Kulwa zikigawanywa kwa 12 zilete namba ya bluu, na alizopokea Doto zilete namba nyekundu. Zisipokubaliana, rudi Hatua ya 3. Mara nyingi kosa liko pale.

## Kasi ikiwa ndogo, kikokotoo kitakudanganya

Jaribu kuweka kituo cha anga cha kimataifa, kinachokwenda kama kilomita 7.66 kwa sekunde. Baadhi ya simu zitakurudishia kipunguzo 1, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tarakimu zimekwisha tu.

Kwa kasi za namna hii tumia njia ya mkato: gawanya kasi kwa 299,792, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa 2, kisha zidisha kwa sekunde za safari. Mwaka una sekunde kama 31,557,600. Utapata takriban sekunde 0.01. Mwanaanga aliyekaa kule mwaka mzima amebaki nyuma yetu kwa kiasi hicho, na kimo chake juu ya dunia kinamrudishia sehemu ndogo.

Hilo la kimo si la kupuuza, maana mvutano nao unaingilia saa: kadiri ulivyo juu, ndivyo saa inavyokwenda haraka. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating waliizungusha dunia wakiwa na saa za atomu kwenye ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde 59 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Zilizokwenda magharibi zilipata 273. Mashariki ndege huongezea mwendo wake kwenye mzunguko wa dunia, magharibi huupunguza.

Na ile ramani anayoitumia bodaboda kukutafuta nyumbani? Satelaiti za GPS hupoteza kama mikrosekunde 7 kwa siku kwa sababu ya kasi, na kupata kama 45 kwa sababu ya kimo. Zinabaki 38 za ziada. Kwa mikrosekunde 38 mwanga hukata zaidi ya kilomita 11, kwa hiyo saa zile hupunguzwa mwendo kabla ya kurushwa.

## Kabla Kulwa hajafunga mizigo

Tulidanganya mahali pawili, sasa tulipe deni.

Kugeuka papo hapo kunaua. Kama Kulwa ataongeza mwendo kwa kiasi kinachomkandamiza sakafuni sawa na uzito wake wa hapa duniani, atahitaji kama mwaka mmoja na kidogo, kwa saa yake, kufika 0.8. Mpango unaovumilika ni kuongeza mwendo hadi katikati ya njia, kugeuza chombo, kisha kupunguza hadi kusimama. Kwa Proxima hiyo ni miaka 5.9 ya Doto na 3.5 ya Kulwa, kwenda tu, na katikati atagusa 0.95. Kipunguzo cha Hatua ya 3 hakitoshi hapo, kwa kuwa kasi inabadilika kila siku.

Nishati. Kilo moja tu ya chombo, uzito wa mfuko mdogo wa sukari, inahitaji jouli kama 60,000,000,000,000,000 kufikia 0.8. Bwawa la Julius Nyerere, likizalisha megawati zake zote 2,115 usiku na mchana, lingehitaji siku 328 kwa kilo hiyo moja. Na bado hujapunguza mwendo kule mbele.

Vumbi. Punje ya miligramu moja ikikutana na chombo kwenye kasi hiyo inalipuka sawa na tani 14 hivi za kilipuzi cha TNT. Sijaona hesabu ya pacha inayomtajia Kulwa jambo hili.

Kasi hazijumlishwi kienyeji. Kulwa akirusha kombora mbele kwa 0.8 kutoka chomboni, Doto hatapima 1.6. Jumlisha (1.6), kisha gawanya kwa 1 + 0.8 × 0.8, yaani 1.64. Utapata 0.976.

## Jaribu mwenyewe

Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, iko miaka ya nuru 8.6. Kasi ni 0.6. Kwenda na kurudi. Fanya hatua zote sita bila kuchungulia.

Bluu: 8.6 ÷ 0.6 = 14.33 kwenda, 28.67 zote. Kipunguzo: 0.8. Nyekundu: 11.47 kwenda, 22.93 zote. Namba ya salamu: 1.6 ÷ 0.4 = 4, kipeuo chake 2. Kulwa akipokea, kwa miaka: 11.47 ÷ 2 = 5.73, na 11.47 × 2 = 22.93. Jumlisha hizo mbili. Ukipata 28.67 au senti moja pembeni yake, kalamu weka chini.